Kelele ya Jirani wa Juu: Kazi ya Seremala Katika Sakafu ya Mbao

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya kelele za kazini: msumeno wa umeme, mashine ya kuranda, jenereta. Safari hii tunazungumzia kelele inayomfuata mfanyakazi mpaka kitandani kwake. Haitoki kiwandani wala barabarani. Inatoka juu ya kichwa chake, kwa jirani aliyepanga chumba cha ghorofani, na inapita katika sakafu ya mbao iliyojengwa na mmoja wetu.

Hapa Gisenyi watu wanaolala mchana si wachache. Wavuvi wa sambaza huingia Ziwa Kivu jioni pamoja na taa zao, nao hurudi ufukweni alfajiri. Kiwanda cha bia kina zamu. Kuna walinzi, kuna wauguzi, kuna madereva na wapakiaji wa mizigo ya mpakani ambao saa zao hazifuati jua. Mtu wa namna hiyo akirudi saa moja asubuhi, watoto wa juu ndiyo kwanza wanaamka. Huyu anakimbia kutafuta kiatu, yule anaburuta kigoda, mama anaanza kutwanga sombe, na fundi cherehani wa chumba cha pili anakanyaga mashine yake. Ikifika saa nne mvuvi ametoka nje na macho mekundu, ugomvi umeanza, na mwenye nyumba anaitwa kuamua. Mara nyingi huamua kwa kumhamisha mnyonge.

Sisi tunasema kwamba ugomvi huo, kwa sehemu kubwa, ni wa sakafu. Majirani wanasingiziwa.

Ni kweli kwamba nyumba mpya za ghorofa katika mji wetu karibu zote hujengwa kwa sakafu ya zege, na nyumba nyingi za kawaida hazina ghorofa kabisa. Lakini mafundi wetu wanazijua kazi za aina nyingine. Wapo wenye nyumba wanaoweka ghorofa ya mbao juu ya duka au stoo, wakaigawa vyumba na kupangisha. Tena ng'ambo ya mpaka, Goma, nyumba za mbao ni mitaa mizima. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, na lava ikafunika sehemu kubwa ya katikati ya mji. Watu waliobaki bila kitu walijenga tena juu ya lava ile ile kwa mbao, kwa kuwa mbao ni nyepesi, ni rahisi, na haidai msingi mrefu katika jiwe gumu. Baadhi ya nyumba hizo zimepandishwa ghorofa. Maseremala wanavuka huku na huko, na desturi za kazi zinavuka pamoja nao, nzuri na mbaya.

UZITO NA MWANYA

Tuanze na jambo ambalo kila fundi analijua kwa mkono ingawa huenda hajalitamka: sauti huchoka inapolazimika kutikisa kitu kizito. Sakafu ya zege ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Sakafu ya ubao wa karatusi wa milimita 25, bila kuhesabu boriti, ina kilo 18 hivi tu. Zege ni nzito mara 20. Wataalamu wa sauti wana kanuni isemayo kwamba kila unapozidisha uzito maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa desibeli 5 au 6. Kutoka kilo 18 hadi 360 ni kuzidisha maradufu mara nne na ushei. Hesabu hiyo inatoa tofauti ya desibeli zipatazo 22 mpaka 26. Tukumbuke kwamba desibeli 10 zikipungua, sikio la binadamu husikia kana kwamba sauti imekuwa nusu. Kwa hiyo anayelala chini ya ubao mtupu na anayelala chini ya zege hawaishi katika nyumba za namna moja, hata kama kodi ni ile ile.

Hata hivyo uzito siyo jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni mwanya.

Sauti ni hewa inayotikisika, na popote hewa inapopita, nayo hupita. Ikiwa asilimia 1 ya sakafu ni tundu, basi sakafu hiyo haiwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungeijenga kwa chuma. Asilimia 1 yaonekana ndogo. Chukua mbao za upana wa sentimita 15, ambazo zilipigiliwa mbichi na sasa zimekauka na kuachana kwa milimita 1 na nusu tu. Hiyo ndiyo asilimia 1. Katika chumba cha mita 3 kwa 4, mianya hiyo yote ikikusanywa mahali pamoja ni sawa na kukata dirisha la sentimita 30 kwa 40 katikati ya sakafu na kuliacha wazi usiku na mchana.

Mazungumzo ya kawaida, watu wasiopaza sauti, ni desibeli 60 hivi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilishauri kwamba kelele ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Basi sakafu yenye mianya ikiondoa 20, zinabaki 40, na aliyelala chini anasikia siyo tu kwamba watu wanazungumza, bali na wanachokizungumza. Siri za ndoa ngapi zimetembea mtaani kwa njia hii, hatuwezi kuhesabu. Seremala aliyetumia mbao mbichi kwa sababu tajiri alimharakisha ndiye aliyezitangaza.

Kelele ya pili ni ya kishindo, nayo ina tabia yake. Mguu, kigoda, mchi, mguu wa cherehani havitikisi hewa kwanza. Vinagonga ubao wenyewe, ubao unaisukuma boriti, boriti inaupeleka mtikisiko kwenye ukuta na kwenye dari iliyopigiliwa chini yake. Hapa kuziba mianya hakusaidii sana, na hata uzito pekee hautoshi. Dawa ya kishindo ni kukata njia: kuweka kitu laini kati ya kinachogongwa na kinachosikika. Fundi anayechanganya kelele hizi mbili atatumia fedha za watu kuponya kichwa wakati kinachouma ni tumbo.

WALIVYOFANYA WENGINE

Watu wa pwani walilitatua jambo hili kwa uzito. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, kama ilivyo Lamu, sakafu ya ghorofa hujengwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe na chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana. Boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni vyembamba na virefu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za namna hiyo ziliingia mikononi mwa serikali na familia kadhaa zikawekwa katika nyumba moja, kila moja na chumba au ghorofa yake. Nyumba hazikujengwa kwa ajili ya wapangaji wengi, lakini sakafu zile nene zilikuwa tayari zimewatenganisha. Ubaya wake ni maji. Paa likivuja, miisho ya boriti iliyofichwa ukutani huoza bila kuonekana, na mzigo wote ule wa mawe na chokaa hukaa juu ya mti uliokwisha kufa. Majumba ya Mji Mkongwe yameporomoka kwa sababu hiyo zaidi ya mara moja.

Kule Uskoti, katika majumba ya wapangaji wa miji ya Glasgow na Edinburgh yaliyojengwa katika karne ya 19, sakafu ni za mbao kama zetu. Mafundi wa huko walipigilia vipande vya mbao pembeni mwa boriti, wakalaza mbao nyepesi kati ya boriti na boriti, kisha wakajaza majivu ya makaa, mchanga au takataka kavu za ujenzi kabla ya kufunga sakafu juu. Kazi hiyo waliipa jina lenye maana ya kutia uziwi, na sisi tunaona jina hilo linafaa. Hata leo kipimo kinachotajwa Uingereza kwa ujazo wa namna hiyo ni kilo 80 kwa mita ya mraba.

Msomaji wa Gisenyi atasema upesi: basi tumepata, maana mchanga na changarawe za volkano tunazikanyaga kila siku. Hesabu yake hata si ngumu. Mchanga mkavu katika jerikani ya lita 20 ni kilo 32 hivi, kwa hiyo jerikani mbili na nusu kwa kila mita ya mraba zinafikisha kilo 80. Changarawe nyepesi ya volkano, ile yenye vitundu, huenda ikahitaji jerikani nne au tano. Ipimwe kwa mizani, isikadiriwe kwa macho.

Lakini hapa ndipo tunapowaomba maseremala wasimame kidogo. Chumba kile kile cha mita 3 kwa 4 kikijazwa hivyo, umeongeza kilo 960, karibu tani nzima, juu ya mtu aliyelala. Na sisi tunaishi mahali ambapo ardhi haitulii. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga upande wa kusini wa Ziwa Kivu, likaua watu katika sehemu za Rusizi na Nyamasheke na ng'ambo Bukavu. Nyiragongo ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo, na hapa Rubavu nyumba zilipasuka na nyingine zikaanguka. Katika tetemeko nguvu inayoipiga nyumba hukua pamoja na uzito wa nyumba. Kilichowafaa watu wa Glasgow, ambao ardhi yao imelala, kinaweza kuwa kaburi kwetu. Kwa maoni yetu, sakafu ya mbao ya Gisenyi au Goma isijazwe mchanga ila pale ambapo mhandisi amezikagua boriti na kuta na kutia sahihi yake.

KUTENGANISHA KULIKO KULEMEZA

Iliyobaki ni njia ya pili: kuongeza uzito wa kiasi, na kutenganisha kwa uangalifu mkubwa. Njia hii inategemea mkono wa fundi kuliko wingi wa vifaa, na kwa hiyo ni kazi yetu hasa.

Kabla ya yote, boriti. Fungua mbao chache karibu na ukuta, utazame miisho, uchome kwa bisibisi. Mahali penye bafu au paa bovu pana uozo. Mahali penye vijia vya udongo pana mchwa. Simama katikati ya chumba, nyanyuka kwa vidole na kushuka kwa visigino. Vyombo vya kabatini vikilia, boriti ni dhaifu au ziko mbali mbali mno, na hakuna haja ya kuendelea mpaka ziimarishwe. Fundi anayekubali kufunika boriti mbovu kwa sababu ameambiwa na tajiri, ajue kwamba siku ya kuanguka tajiri hatalitaja jina lake mwenyewe.

Kisha mianya. Ile mipana izibwe kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyorandwa na kutiwa gundi. Ile myembamba kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi. Kando ya kuta na kuzunguka mabomba usitumie saruji, kwa sababu mbao hucheza na saruji hupasuka. Tumia mastiki inayobaki laini. Kazi hii ni ya siku moja au mbili kwa chumba, vifaa vyake ni vya bei ndogo, na faida yake ni kubwa kuliko kitu kingine chochote kwa gharama hiyo. Inashangaza jinsi inavyodharauliwa.

Baada ya hapo kuna kazi mbili, moja ya chini na moja ya juu.

Ya chini ni dari, au plafoni kama wengi wetu tunavyoiita. Dari iliyopigiliwa moja kwa moja kwenye boriti za sakafu ni ngoma: boriti ikigongwa juu, dari inalia chini. Inayotakiwa ni dari yenye boriti zake yenyewe, zinazotoka ukuta hadi ukuta na kuzikosa boriti za juu kwa sentimita 2 na nusu hivi. Pasiwe na msumari, waya wala kipande cha mbao kinachoziunganisha. Katika nafasi iliyo kati yake huwekwa pamba ya mawe au pamba ya kioo ya unene wa sentimita 10, ikilazwa bila kushindiliwa, kwa kuwa ikishindiliwa inakuwa daraja la kupitisha kishindo. Chini hufungwa mbao za jipsamu tabaka mbili, maungio ya tabaka la pili yakiangukia katikati ya lile la kwanza, na uzito wa tabaka zote mbili ukifika kilo 20 kwa mita ya mraba. Ukingo wote unazibwa kwa mastiki. Tatizo la dari hii ni kimo. Chumba kilicho kifupi tayari kitapoteza sentimita 10 au zaidi, na mpangaji mrefu hatashukuru.

Ya juu ni sakafu inayoelea. Juu ya mbao za zamani hulazwa pamba ya mawe iliyo nzito na ngumu, ya milimita 25, ile ya kilo 60 mpaka 100 kwa mita ya ujazo. Siyo ile nyepesi ya darini, ambayo ikikanyagwa itadidimia. Juu yake tabaka mbili za plaiwudi au multipleksi, kila moja isipungue milimita 18, zikiunganishwa kwa gundi na skrubu zenyewe kwa zenyewe. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Skrubu iliyo ndefu kupita kiasi itatoboa pamba na kushika ubao wa zamani, na kishindo chote kitashuka kwa njia ya skrubu hiyo. Vivyo hivyo ukingoni: sakafu mpya isiguse ukuta popote, iachwe milimita 5 zijazwe kitu laini, na ubao wa pembeni wa ukutani usiikalie sakafu. Mlango nao utafutwe mapema, kwa sababu sakafu imepanda sentimita 6 na mlango utakatwa chini. Mwenye nyumba aambiwe kabla, asije akadai ni uharibifu.

Tabaka hizo za juu zinaongeza kilo 25 hivi kwa mita ya mraba, yaani kilo 300 katika chumba chetu cha mfano, badala ya 960. Boriti za dari zinabeba mzigo wake mbali. Mahali ambapo pamba nzito haipatikani, tumeona mafundi wakitumia vipande vya mpira wa magurudumu chini ya papi za mbao, na wengine zulia nene lililowekwa chini ya plaiwudi. Havilingani na pamba, lakini ni bora kuliko ubao juu ya ubao.

Kwa kulinganisha, kanuni za Uingereza za mwaka 2003 kwa nyumba za zamani zinazogawanywa kuwa makazi mbalimbali zinataka sakafu izuie sauti ya hewani kwa desibeli 43 angalau, na sauti ya kishindo inayosikika chini isizidi 64, nazo zinapimwa kwa mashine kabla ya wapangaji kuingia. Dari ya kujitegemea au sakafu inayoelea, ikijengwa kwa uangalifu, ndizo njia zilizoelezwa huko kwa sakafu za mbao za namna hii.

Hata hivyo tusimdanganye mtu. Katika nyumba ambayo kuta zake pia ni mbao, mtikisiko utazunguka kwa njia ya kuta na kushuka, na sakafu nzuri kuliko zote haitaifanya kuwa nyumba ya zege. Tena hakuna sakafu ya mbao itakayoushinda mchi. Kinu kikae uani, chini, kwenye ardhi. Mwenye nyumba aliandike hilo katika mkataba wa kupanga. Cherehani iwekewe vipande vya mpira chini ya miguu. Zulia au mkeka mnene chumbani hupunguza kishindo cha miguu mara moja, na mpangaji wa juu mwenye mapenzi mema anaweza kuanza nalo leo, kabla ya fundi kuitwa.

Juu ya baridi tutasema machache. Mji wetu uko kama mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, usiku una ubaridi, lakini kati ya chumba kinachokaliwa na chumba kinachokaliwa joto halina pa kwenda. Pamba huleta faida ya joto pale sakafu inapokaa juu ya kipenyo kilicho wazi au stoo isiyo na milango. Zaidi ya hapo ni maneno ya wauzaji.

VITU VYA KUKATAA

Wauzaji hao hao, pamoja na wajuaji wa mitaani, watakushauri vitu vingine. Trei za mayai hazizuii sauti. Ni karatasi, na karatasi haina uzito. Povu jeupe jepesi la kufungia mizigo halizuii sauti pia, na likishika moto linatoa moshi mbaya. Sponji la magodoro ni hatari zaidi, moshi wake unaua watu kabla moto haujawafikia. Nguo kuukuu na maranda ya mbao huwa nyumba ya panya na chakula cha moto. Katika nyumba ya mbao ambamo watu hupika kwa makaa, ukiweka kitu kinachowaka kati ya wapangaji wawili umewawekea kuni. Kwa sababu hiyo hiyo nyaya za umeme zisizikwe ndani ya pamba bila ushauri wa fundi umeme, kwa kuwa waya uliofunikwa hupata joto.

Na dari za zamani zitazamwe kwa makini. Baadhi ya mabamba ya saruji yaliyotumika zamani katika paa na dari yana asbesto, na Rwanda ina mpango wa taifa wa kuyaondoa unaosimamiwa na Mamlaka ya Nyumba. Mfanyakazi akikutana na bamba asilolifahamu, asilikate kwa msumeno, asilivunje kwa nyundo, asilifagie vumbi lake. Asimamishe kazi na kutoa taarifa. Pamba ya kioo na ya mawe siyo asbesto. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka katika kundi la vitu visivyoweza kuhesabiwa kuwa vinaleta saratani kwa binadamu kwa ushahidi uliokuwapo. Lakini zinawasha ngozi, macho na koo, hasa kwa anayefanya kazi kichwa kikiwa juu chini ya dari. Barakoa, miwani, glavu na mikono mirefu ni vifaa vya kazi, na mwajiri ndiye anayepaswa kuvinunua. Siyo haki kumwambia kibarua anayelipwa kwa siku alete vyake.

KAZI INAYOFICHWA

Sasa tuje kwenye ujira, maana ndiko matatizo yanakozaliwa. Kazi hii ina ubaya mmoja: ikikamilika haionekani. Mwenye nyumba anaona plaiwudi na jipsamu iliyopakwa rangi. Mastiki ya ukingoni, nafasi ya sentimita 2 na nusu kati ya boriti na boriti, skrubu fupi badala ya ndefu, vyote vimefunikwa. Kwa hiyo anahesabu kwa mbao na kwa siku, na siku zile mbili za kuziba mianya anaziita uvivu. Fundi anaminywa, anaruka mianya, anafunga juu upesi apate kazi nyingine. Wapangaji wakiingia kelele ziko pale pale, na lawama inamrudia yeye. Malipo ya mwisho yanazuiwa.

Chama chetu kinashauri maseremala wasiikubali kazi ya sakafu kati ya makazi kwa bei moja ya jumla iliyosemwa kwa mdomo. Iandikwe kwa hatua: kukagua boriti, kuziba mianya, kuweka pamba, kufunga dari au sakafu ya juu. Kila hatua ilipwe inapokwisha, na kabla ya kufunika, mwenye nyumba aitwe aone kwa macho yake, na picha zipigwe kwa simu zikiwa na tarehe. Picha ya mwanya uliozibwa ni shahidi asiyehongwa. Iandikwe pia kitu ambacho kazi hii haitakifanya, yaani kinu na kuta za mbao, ili mtu asije akadai ukimya wa kanisani.

Mafundi wengi wa Rwanda walijifunza kazi mkononi mwa mwingine na si shuleni. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi, useremala na ufundi, STECOMA, kimekuwa kikisaidia mafundi kama hao kupimwa ujuzi wao na kupewa vyeti. Seremala mwenye cheti anayeweza kueleza kwa nini skrubu iwe fupi ana nguvu zaidi mbele ya tajiri kuliko yule anayesema tu kwamba ndivyo ifanywavyo.

Mwisho wa kazi, na kabla vyombo havijakusanywa, jaribio lifanywe mbele ya pande zote. Mtu mmoja abaki juu na redio ikisema kwa sauti ya kawaida, mwingine atembee kwa viatu na kuburuta kigoda. Mwenye nyumba na fundi wakae chini, mlango na dirisha vimefungwa, kwanza kimya kwa dakika moja ili masikio yazoee. Redio ikisikika lakini maneno yasitambulike, mianya imezibwa. Maneno yakitambulika upande mmoja wa chumba tu, tafuta tundu upande huo, mara nyingi ni bomba au kona. Kishindo cha kigoda kikisikika kikali mahali pamoja, pana skrubu imeshika chini, nayo inaweza kutolewa siku ile ile.